Bega la Shangazi Mkono Mwepesi

Unaweza kuinua mikono yako mpaka usawa wa kichwa cha mtu mwingine na kuiacha huko tangu asubuhi mpaka saa sita mchana? Usinijibu haraka. Simama, inua mikono, kaa hivyo mpaka mabega yaanze kukulilia, halafu rudi tuendelee.

Naanza kwa ukali kwa sababu nina hasira. Hospitalini ninakofanya kazi, kitengo cha tiba ya viungo, tuna fomu ya kumuuliza mgonjwa aliyepasuliwa shingo bega lake likoje. Inamuuliza kama anaweza kuvaa nguo, kama anaweza kulala ubavu, kama anaweza kuchana nywele zake. Aliyeitunga hakukumbuka kwamba duniani kuna watu wanaoishi kwa kuchana nywele za wenzao.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Ni dada mkubwa wa baba, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mkono Mwepesi. Kwa wasusi wengine mteja alikuwa akitoka macho yamevutwa juu kama aliyeona jini. Kwa Shangazi watoto walilala usingizi wa kweli, mate yakawadondoka kwenye sketi yake, na walipoamka walikuta kazi imekwisha.

Natamani ungeuona ule ua wetu wa zamani. Nyuma ya nyumba, mlango wa jikoni ulitokea kwenye ngazi moja pana ya saruji. Shangazi alikaa kwenye ngazi, mteja akakaa mbele yake kwenye kigoda cha mbao chenye miguu mifupi, kichwa katikati ya magoti yake. Kopo la mafuta lilikuwa pembeni. Kichana cha meno mapana kilichomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, ili kisipotee. Redio ndogo ilikoroma dirishani. Mimi nilikaa ukutani na daftari langu, nikijifanya nasoma, kumbe masikio yote yako kwenye ngazi. Pale ndipo nilipojua nani ameachika, nani anakaribia kuolewa, na nani aliunguza chakula siku wakwe walipokuja kumwona. Maneno yakinoga sana, Shangazi alinitupia jicho.

"Profesa, huo ukurasa mbona haufunuki?"

Wanawake walicheka mpaka kigoda kikatikisika. Jina la Profesa likanikaa tangu siku hizo, kabla sijajua hata chuo kinafananaje.

Nilipenda kuitazama ile mikono. Viwiko vyake vilitulia juu ya mapaja kama kuku aliyelalia mayai. Vidole tu ndivyo vilivyotembea. Mstari ukatoka pajini mwa uso, ukapanda utosini, ukashuka kisogoni, umenyooka kana kwamba umechorwa. Jua likianza kulegea na kuta za ua kuwa na rangi ya chai, alibaki na kichwa kimoja cha mwisho. Kilikuwa cha binti wa jirani aliyekuja kutufagilia nywele baada ya shule, nasi tukamwita Kifagio. Mama yake alikuwa anaumwa, hivyo nyumbani kwao hapakuwa na wa kumsuka. Binti yule alikuwa hatulii hata kidogo.

"Tulia wewe, au nitakushonea sikio humu humu!"

"Shangazi, unavuta!"

"Sijagusa bado, Kifagio. Nimefungua kopo tu."

Ua ule haupo tena. Mwenye nyumba alijenga vyumba vya kupangisha pale penye ngazi, sisi tukahama, wateja wakatawanyika. Kifagio akakua, akasomea urembo, akafungua saluni yake kwenye barabara kuu: vioo ukuta mzima, taa nyeupe, viti virefu vya kuzunguka. Simsemi vibaya. Hakumsahau Shangazi, mwalimu wake wa kwanza. Alimpa kiti cha pili kutoka mlangoni. Wafanyakazi wote wanamwita Madamu. Shangazi peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Kifagio, kwa sauti ya chini, wateja wasisikie.

Ila kwenye kiti kirefu kila kitu kimegeuka. Mteja amekaa juu, msusi amesimama, na mikono inaning'inia hewani siku nzima. Shangazi aliizoea hiyo hali, akailalamikia miguu kidogo, basi. Kisha ukaja uvimbe.

Ulianza kama punje ya harage upande wa kulia wa shingo. Daktari wa upasuaji alifanya kazi nzuri, hilo nalisema bila kinyongo. Aliutoa pamoja na tezi zilizouzunguka, na vipimo vya baadaye vikaonyesha saratani imekwisha. Nyumbani tulilia kwa furaha. Lakini upande ule wa shingo unapita mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, unaouamrisha msuli wa kunyanyua bega. Haukukatwa, ila ulivutwa na kusumbuliwa wakati tezi zinaondolewa, nao ukalegea. Bega la kulia likashuka. Mkoba ukawa haukai, unamteleza barabarani. Mgongoni, mfupa wa bega ukatokeza nje kama mlango uliong'oka bawaba. Kila aliyekuja kutupa pole aliitazama shingo na kumshukuru Mungu. Bega hakuna aliyelijulia hali. Hili ndilo linalonichoma mimi. Tunamtoa mtu mdomoni mwa kifo, halafu tunamwacha kwenye geti la hospitali ajue mwenyewe atafanyaje kazi yake.

Ilichukua muda mrefu mno mpaka akaandikiwa kuja kitengoni kwetu kupimwa. Mkuu wetu wa kitengo, mama mmoja mpole wa sura na mkali wa kalamu, aliniruhusu nimpime mimi, yeye akisimamia.

"Haya mama, tunaanza na maswali," nikasema kwa sauti yangu ya kazini.

"Mama? Leo nimekuwa mama?" Shangazi akamgeukia Mkuu. "Huyu nimemfuta kamasi. Haya, shikamoo daktari."

Mkuu akaficha kicheko kwenye karatasi zake. Nikaendelea.

"Unaweza kuvaa blauzi bila msaada?"

"Naanza na mkono unaoumwa. Hakuna shida."

"Kutoa kitu kwenye rafu ya juu?"

"Vitu vyangu vyote nimevishusha chini. Hakuna shida."

"Kuchana nywele zako?"

"Hakuna shida."

"Hebu nione."

Akachomoa kichana kwenye mkoba. Akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia bega, kichwa kikaufuata mkono, akachana vizuri kabisa, akakichomeka kichana palepale na kunitazama kama mtoto aliyemaliza hesabu ya kwanza darasani. Fomu haina mahali pa kuandika kwamba kichwa ndicho kilichosafiri. Nikaweka alama ya anayeweza.

Kisha nikatoa rula yetu ya kupimia viungo, ile ya plastiki yenye mikono miwili inayofunguka kama mkasi. Nikamsimamisha, nikamwambia ainue mkono wa kulia kwa upande, polepole, mpaka utakapofika.

"Shangazi, unainama."

"Siinami. Jengo lenu limepinda."

Nikamshika kiuno ili mwili usimsaidie. Mkono ukapanda, ukasimama chini kidogo ya usawa wa bega, ukatetemeka, ukaanguka. Wa kushoto uliinuka wenyewe hadi sikioni. Mkuu alisoma majibu yote mawili, la fomu na la rula, akatikisa kichwa.

"Hapa unaye mgonjwa aliyekaribia kupona na mgonjwa ambaye hajapona, na wote wamekaa kiti kimoja."

"Andikeni yule wa kwanza," Shangazi akadakia.

Mkuu alipoitwa chumba cha pili, Shangazi akanivuta shati.

"Nisikilize, baba. Kifagio ametaka neno la hospitali kabla ya Jumamosi. Wateja wananung'unika. Wanasema nywele ninazosuka siku hizi zinabana vizuri nyuma, zikifika utosini zinalegea. Ukiandika nimepona, nabaki na kiti changu. La sivyo kuna binti mwingine amekwisha kuitwa."

"Jumamosi si ni kesho?"

"Ndiyo maana nakuvuta shati."

"Siwezi kuandika uongo, Shangazi."

"Uongo gani? Mmeuliza, nimejibu. Kuna swali nililofeli?"

"Nikiandika umepona, hutapangiwa mazoezi. Bega litakauka hivyo hivyo!"

"Na ukiandika sijapona, sitapangiwa wateja. Nikae nyumbani nifanye nini? Nikuhesabie vijiko?"

Ninapobanwa huwa napandisha sauti. Nilikuwa nimeanza kuhutubia juu ya haki za wagonjwa wakati Mkuu aliporudi. Bila shaka alikuwa amesikia. Kuta zetu ni za mbao nyembamba.

"Usiandike kitu bado," akaniambia. "Fomu imemuuliza anavyoishi nyumbani. Rula imempima akiwa hana kazi mkononi. Ukitoka zamu, nenda ukamwone akisuka. Uende na rula."

Nilifika saluni alasiri. Madamu alinipokea vizuri, kama mtu mliyekula naye vumbi moja utotoni. Amevaa wigi refu linalong'aa, na siku zote hulirekebisha kwa vidole viwili anapofikiri.

"Karibu, Profesa. Umeleta majibu?"

"Nimekuja kuyatafuta."

"Yatafute basi, lakini usinikanyagie waya wa draya."

Kwenye kiti cha Shangazi alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye nywele nzito. Nilisimama nyuma nikatazama kwenye kioo. Kisogoni mikono ilikuwa chini, na pale ungeapa hakuna aliyewahi kuugua: vidole ni vilevile vya kule kwenye ngazi, vyepesi, havikosei. Mistari ilipoanza kupanda, Shangazi naye akaanza ujanja. Kwanza alimwinamisha mteja. Kisha akaegemea ubavu wa kushoto. Kisha akatafuta kichana ambacho kilikuwa mkononi. Kisha akanywa maji, halafu akanywa tena, na nilijua kabisa hana kiu. Nikaitoa rula, nikaipima kwenye kioo ile pembe ya kiwiko na mwili. Kila alipovuka kile kimo nilichokiona hospitalini, mkono ulitetemeka na vidole vikalegeza uzi wa nywele.

Mwalimu akapapasa utosini.

"Mkono Mwepesi, hapa juu mbona panacheza?"

"Ngoja, mwalimu, napafumua kidogo."

Akapafumua. Akainua mkono tena. Kichana kikamtoka, kikapiga chini na kuzunguka kwenye vigae, na saluni nzima ikakisikiliza mpaka kilipotulia. Madamu akaja, akakiokota, akakifuta, akamalizia utosi ule mwenyewe bila kusema neno. Afadhali angetukana. Shangazi alisimama pembeni ameshika kopo la mafuta kwa mikono miwili, kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa.

Mwalimu alipoondoka, nilimfuata Madamu kwenye kona ya taulo. Shangazi naye akaja.

"Niambie tu ukweli," Madamu akasema. "Amepona au hajapona?"

"Kuinua hajapona, na itachukua muda. Kusuka anaweza hata sasa hivi. Tatizo ni kiti."

"Kiti changu kina nini?"

"Kirefu. Mkalishe mteja chini, Shangazi akae juu yake, viwiko vilale mapajani. Mkono hautapita pale unapoishia. Unakumbuka kile kigoda?"

Vidole viwili vikaenda kwenye wigi.

"Kigoda? Humu?" Akaonyesha vioo. "Profesa, mteja anakuja hapa ajione yuko juu. Nikimkalisha sakafuni ataniuliza kama nimefungua saluni au ua."

"Ua ndio uliokulea!"

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Draya mbili zikazimwa ili watu wasikie vizuri.

"We Profesa, shusha sauti," Shangazi akasema. "Mgonjwa ni mimi, siyo saluni ya watu." Akamgeukia mwenye saluni, akatazama chini. "Msamehe. Ameshinda njaa. Usimsikilize, Madamu."

Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Hata mwenyewe Madamu hakuwahi, maana alibaki ameduwaa, taulo mkononi, kama mtu aliyeitwa jina la mwingine. Mwishowe akalikunja lile taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nitaamua kesho asubuhi kabla hatujafungua," akasema, akaenda kuwasha draya.

Nyumbani, kabla ya chakula, Shangazi alifanya zoezi nililomfundisha: kusimama kando ya ukuta wa jikoni, kiganja juu ya kitambaa, kukitelezesha juu kidogo kidogo. Kigoda kilikuwa palepale tangu tulipohamia, kando ya mlango, kimebebeshwa ndoo ya maji. Mbao yake katikati imechakaa na kung'aa kwa kukaliwa. Nilikitazama, naye akaniona nikikitazama.

"Dada yako alikikalia akilia siku ya kwanza ya shule," akasema. "Alitaka mistari saba. Nikamwambia kichwa chako kidogo, saba haiingii. Akalia mpaka nikaipata nafasi ya saba, sijui wapi."

"Na Kifagio?"

"Yule alikuwa anakikalia upande, tayari kukimbia." Kitambaa kikapanda kidogo, kikashuka. "Jumapili moja mama yake alikuwa amezidiwa. Nilimaliza kumsuka, hakutaka kuinuka. Akaniambia nifumue nianze upya. Nikafumua. Giza likaingia, nasuka kwa kupapasa."

Akautazama ukuta mahali mkono ulipokomea. Nikamweleza nitakachoandika: mkono unaishia wapi, kwamba asifanye kazi ya kuinua mikono, kwamba mazoezi yaendelee, na kwamba akikaa juu ya mteja wake anasuka bila kasoro. Nilitegemea ugomvi.

"Andika," akasema. "Bega lenyewe linajua kama nadanganya. Ila hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa, hao madaktari wenu hawasomi mpaka chini."

Asubuhi niliamka nikakuta ndoo ya maji iko sakafuni. Shangazi hayupo, kigoda hakipo. Nikatia karatasi mfukoni, nikachukua njia ya barabara kuu ingawa ni ndefu, nikatembea haraka, kichwani nikipanga hotuba nyingine kali zaidi ya ile ya jana.

Sikuhitaji hata neno lake moja. Mlango wa chuma wa saluni ulikuwa umeinuliwa nusu, taa moja tu imewashwa. Viti virefu vilikuwa vimesukumwa ukutani. Shangazi amekaa kwenye sofa ya wateja wanaosubiri, na mbele yake, kwenye vigae vile vinavyong'aa, kile kigoda chetu. Amekikalia Madamu. Wigi liko juu ya draya. Nywele zake mwenyewe, fupi, zenye mvi mbili tatu ambazo sikuwahi kuziona, zilikuwa katikati ya magoti ya Shangazi.

"Nisuke mpaka utosini," Madamu alikuwa anasema, amefumba macho. "Ikilegea nakwambia."

"Ukitulia haitalegea."

"Unavuta, Shangazi."

"Sijagusa bado, Kifagio."

Viwiko vikalala juu ya mapaja. Mstari wa kwanza ukaanzia pajini mwa uso, ukatambaa, ukafika utosini. Nilijibanza pale nje kama mwizi. Vidole havikutetemeka, havikutafuta kichana wala maji. Vilipita utosini vikashuka kisogoni, na mstari ukabaki umenyooka nyuma yao. Madamu akainua mkono, akaupapasa kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaurudisha mkono kwenye goti la Shangazi, akauacha pale.

Yule mwalimu wa jana akanipita mlangoni, mkoba begani, akainama kupita chini ya chuma na kutazama ndani.

"Jamani, mmefungua? Nataka Mkono Mwepesi anirudie utosi. Mimi nakaa wapi?"

"Subiri zamu yako, mwalimu," Madamu akajibu bila kufumbua macho. "Hapa kigoda ni kimoja."